Kabla ya Jiwe la Msingi, Baada ya Utepe: Tafakari Juu ya Hatua za Mradi

Mradi, kwa maana inayokubaliwa na wanazuoni wengi wa uongozi, ni kazi ya muda inayokusanya watu, fedha na vifaa ili kuleta kitu ambacho hapo kabla hakikuwapo, na ambayo ikishakileta hufikia ukomo. Kwa maana hiyo, kujenga shule ni mradi, ilhali kufundisha ndani yake ni shughuli ya kudumu. Kuchimba kisima ni mradi, ilhali kukitunza ni wajibu usio na tarehe ya kumalizika. Kwa kuwa kila mradi una mwanzo na mwisho, imekuwa desturi kuugawa katika hatua, na mgawanyo unaofundishwa sana vyuoni ni ule wa Taasisi ya Usimamizi wa Miradi, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969. Mwongozo mkuu wa taasisi hiyo, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, ulitaja kwa miaka mingi makundi matano ya michakato: kuanzisha, ambako hoja ya mradi hutolewa na kuidhinishwa, kupanga, ambako mawanda, yaani mipaka ya kazi itakayofanywa na isiyofanywa, huwekwa pamoja na ratiba, bajeti na orodha ya vihatarishi, kutekeleza, ambako kazi yenyewe hufanyika, kufuatilia na kudhibiti, ambako yaliyofanyika hulinganishwa na yaliyopangwa, na kufunga, ambako kazi hukaguliwa, hesabu hukamilishwa na kilichozaliwa hukabidhiwa kwa watakaokitumia.

Orodha hiyo ni rahisi kukariri, na urahisi wake unaweza kumpotosha anayeisoma kwa haraka. Makundi hayo hayakukusudiwa kufuatana moja baada ya jingine bila kurudiwa, kwa sababu upangaji huendelea wakati kazi ikiendelea, na ufuatiliaji huanza siku ileile mradi unapoidhinishwa. Hata hivyo, katika ofisi nyingi hatua husomwa kama mambo ya kupita na kusahau: andiko la mradi likishapitishwa, hoja iliyolizaa huingia kabatini, na kuanzia hapo linaloulizwa ni kama fedha zimetoka na kama mkandarasi yuko eneo la kazi. Tafakari hii inashikilia kwamba faida kubwa ya kuugawa mradi katika hatua hupatikana mipakani mwa hatua hizo, pale kazi inaposimama kwa kitambo, swali la awali likaulizwa upya, na jibu la kukataa likapewa nafasi ya kweli. Historia ya Tanzania ina miradi miwili mikubwa inayofaa kupimwa kwa hoja hiyo, mmoja ukiwa umevuka mipaka yote ya mwanzo bila kuulizwa lolote, na mwingine ukiwa umeuvuka vizuri kila mpaka isipokuwa wa mwisho.

Mradi wa kwanza ni ule wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili. Hoja yake ilikuwa na msingi wa kweli, kwani Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na siagi, mafuta ya kupikia na sabuni zilikuwa zikigawiwa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, aliyekuwa mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulipelekwa kulichunguza jambo hilo. Katika majuma machache ujumbe ulizunguka eneo kubwa mno, kwa sehemu ukiitazama nchi kutoka angani, kisha ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe na kulimwa katika muda wa miaka sita, sehemu kubwa zaidi ikiwa Tanganyika na iliyobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Kazi ya ujumbe huo ndiyo ambayo leo ingeitwa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi unaopima kama jambo linawezekana kiufundi, kifedha na kijamii kabla fedha nyingi hazijatumika. Ubora wa uchunguzi wa namna hiyo huanzia katika hadidu za rejea, ambazo ni maelekezo ya maandishi yanayomwambia mchunguzi atazame nini na ajibu nini. Mchunguzi anayeulizwa kama jambo lifanyike huwa na majibu mawili mkononi, ilhali anayeulizwa lifanyikeje amekwisha kunyang'anywa moja, kwa sababu aliyemtuma amekwisha kuamua. Katika suala la karanga, shinikizo la njaa ya mafuta na shauku ya wanasiasa, akiwamo John Strachey aliyekuwa waziri wa chakula, viliufanya uchunguzi uwe wa aina ya pili. Pendekezo la kuanza na shamba dogo la majaribio, ambalo ndilo njia ya kawaida ya kuuliza ardhi kabla ya kuiamuru, halikupata nafasi, kwa kuwa jaribio lingekula misimu miwili au mitatu na misimu hiyo ilionekana kuwa anasa.

Eneo lililochaguliwa kuanzia lilikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Uamuzi huo ungetosha kuibua maswali kwa yeyote aliyekuwa tayari kuwasikiliza wenyeji, kwa sababu Ugogo ni nchi ya mvua chache zisizotabirika, na kumbukumbu ya njaa kuu ya Mtunya, iliyoua watu wengi kati ya mwaka 1917 na 1920, ilikuwa bado hai vinywani mwa wazee. Kilimo cha Wagogo, chenye uwele na mtama, pamoja na mifugo iliyohamishwa kufuata malisho, kilikuwa chenyewe taarifa ya hali ya hewa iliyokusanywa kwa vizazi, lakini taarifa hiyo haikuwa na umbo ambalo maofisa wa London walilitambua kuwa takwimu. Wataalamu wa leo huwaita wenyeji wa namna hiyo wadau, yaani watu ambao mradi unawagusa au ambao wanaweza kuugusa, na huagiza washirikishwe mapema. Agizo hilo mara nyingi hupokewa kama suala la heshima na haki, nalo ni hivyo, ila Kongwa inaonyesha kwamba ni suala la maarifa pia, kwani mtu aliyelima udongo mmoja maisha yake yote ana jibu ambalo ndege haiwezi kuliona.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, mengi yakitoka katika mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengine yakaundwa kwa kugeuza vifaru vya vita. Bandari ya Dar es Salaam haikuwa na uwezo wa kupokea shehena hiyo kwa kasi iliyotakiwa, na reli ya kwenda bara ilikuwa moja. Mwaka wa kwanza ulipangiwa ekari 150,000, lakini mwaka 1947 ulipokwisha zilikuwa zimefyekwa ekari zisizofikia 10,000. Udongo wa Kongwa, ambao wakati wa mvua ulilimika, uliganda kama saruji jua lilipowaka, hata karanga zilizokomaa zikawa hazichimbuki, na changarawe yake ikayala majembe ya matrekta kabla ya wakati. Mradi ukapanuliwa hadi Urambo na Nachingwea, ikaanza kujengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuihudumia Nachingwea, na usimamizi ukahamishwa kutoka kampuni kwenda shirika la umma, hadi mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilipotangaza kuuachia na kufuta deni la takriban pauni milioni 36.

Katika mkasa huo, hatua ya kufuatilia na kudhibiti inastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu taarifa hazikukosekana. Ripoti ziliandikwa, mainjinia walilalamika, wanahabari walitembelea Kongwa na bunge lilijadili. Kilichokosekana ni kiashirio sahihi, yaani kipimo kilichochaguliwa mapema ili kionyeshe kama mradi unakaribia lengo lake. Lengo lilikuwa mafuta mezani, ila kilichohesabiwa kila wiki kilikuwa ekari zilizofyekwa, na kwa kuwa watu hufanya bidii katika kile wanachohesabiwa, nguvu zote zilimiminwa katika kung'oa miti, hata pale ilipokwisha kuwa dhahiri kwamba ekari iliyofyekwa haikuwa na mvua ya kuiotesha karanga. Udhibiti uliobaki ukawa ni kuongeza mashine na kubadilisha viongozi, ilhali uamuzi pekee ambao ungeokoa fedha, ule wa kusimama na kuuliza upya kama karanga zilimwe Kongwa, haukuwa na mtu aliyekabidhiwa madaraka ya kuutoa. Waliokuwa chini hawakuruhusiwa kuhoji shabaha, na waliokuwa juu walikuwa wamekwisha kuiahidi hadharani.

Mradi wa pili ni reli ya Tanzania na Zambia, inayofahamika kwa jina la TAZARA. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa tangu mwanzo, na haikuficha. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikisafirisha shaba yake kupitia kusini, na Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, walipojitangazia uhuru wao wa kibaguzi, njia hiyo ilibaki mikononi mwa utawala ambao Lusaka haikutaka kuutegemea. Mwaka 1964 uchunguzi wa Benki ya Dunia ulikuwa umeona kwamba reli ya kuelekea Dar es Salaam isingekuwa na mizigo ya kutosha kuilipa gharama yake, ilhali uchunguzi mwingine wa mwaka 1966 uliona inawezekana. Tofauti ya majibu hayo haikutokana na hesabu peke yake. Swali la kama reli italipa ni tofauti na swali la kama nchi itaweza kuishi bila kumpigia magoti adui yake, na kila swali lina namna yake ya kupima mafanikio. Marais Julius Nyerere wa Tanzania na Kenneth Kaunda wa Zambia waliuliza swali la pili, wakajua kwamba wanauliza la pili, na uwazi huo ni sifa ya hatua ya kuanzisha ambayo Kongwa haikuwa nayo.

Mkataba na China ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, lakini ujenzi haukuzinduliwa hadi Oktoba 1970. Miaka hiyo mitatu ilitumika katika upimaji, ambapo makundi ya wapimaji wa Kichina wakiwa na vijana wa Kitanzania na Kizambia walipita kwa miguu katika mabonde na misitu, wakitafuta mahali ambapo mteremko ungevumilika na mto ungevukika, huku serikali tatu zikikubaliana juu ya mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Masuala yaliyoonekana madogo yaliamuliwa mapema, kama vile upana wa njia, ambao uliwekwa kuwa milimita 1,067 ili mabehewa yaweze kuungana na reli za Zambia na kusini mwa Afrika, ijapokuwa reli ya kati ya Tanzania ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Uamuzi wa aina hiyo ukifanywa karatasini hugharimu kikao. Ukicheleweshwa hadi mataruma yamekwisha kutandikwa, hugharimu reli nzima. Hapo ndipo penye maana ya kiuchumi ya hatua ya kupanga, kwamba ni kipindi ambacho makosa bado ni ya bei nafuu.

Wataalamu wa ratiba, hasa tangu mbinu zilizobuniwa katika viwanda vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, hutafuta katika kila mradi ule mfuatano wa kazi ambao ikichelewa moja, mradi wote huchelewa, na humshauri msimamizi aulinde mfuatano huo kuliko kazi nyingine zozote. Katika reli hii mfuatano huo ulipita kati ya Mlimba na Makambako, kipande cha kilomita 157 ambapo njia huacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu kwa madaraja marefu na mahandaki. Kipande cha kwanza, cha kilomita 502 kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilikamilishwa haraka mwaka 1971, na njia iliyokwisha kutandikwa ikawa ndiyo ya kupelekea reli, saruji na vyakula kwa waliokuwa wakichonga milima mbele. Agosti 1973 njia ilivuka mpaka Tunduma. Mwaka 1975 ilifika Kapiri Mposhi, kabla ya muda uliopangwa. Na tarehe 14 Julai 1976 reli yote ya kilomita 1,860 ilikabidhiwa kwa serikali mbili zilizoimiliki kwa hisa sawa. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kichina walishiriki, na makaburi ya Wachina huko Gongo la Mboto ni ushahidi kwamba wapo ambao hawakurudi makwao.

Kama hesabu ya mradi ingefungwa siku ya makabidhiano, TAZARA ingekuwa miongoni mwa kazi zilizofana kuliko zote barani. Ugumu ulianza siku iliyofuata. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikuwahi kuzifikia; kilele chake kilizidi kidogo tani milioni 1 katika miaka ya mwanzo, na kufikia katikati ya muongo wa 2010 mizigo ilishuka chini ya tani 100,000 kwa mwaka. Injini za kwanza zilielemewa na miinuko, zikalazimika kupokewa na nyingine kutoka Ujerumani na Marekani. Wataalamu wa Kichina walipunguzwa baada ya makabidhiano, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakarudishwa kushiriki katika usimamizi. Na kila uamuzi mkubwa wa fedha ulihitaji serikali mbili zenye hazina mbili na vipaumbele visivyofanana. Hakuna katika hayo lililotokana na uzembe wa wajenzi. Yote ni mambo ya hatua ya kufunga, ambayo vitabu huyapa kurasa chache na sherehe huyapa dakika chache zaidi.

Kufunga mradi, katika maana yake kamili, kuna sehemu tatu ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kilichojengwa ndicho kilichoagizwa, na katika kazi za ujenzi huambatana na kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi huwajibika kurekebisha kasoro zitakazojitokeza. Ya pili ni kukabidhi pamoja na kitu chenyewe uwezo wa kukiendesha, yaani watu waliofunzwa, vipuri, michoro na bajeti ya matengenezo yenye mlipaji anayejulikana. Ya tatu, ambayo ni adimu, ni kuirudia hoja iliyouzaa mradi na kuuliza kama bado ipo. Kwa TAZARA swali hilo la tatu lilikuwa zito kuliko yote, kwa sababu hoja yake ilikuwa imefungamana na hali ya kisiasa iliyokuwa ikibadilika. Mwaka 1978 Zambia, ikiwa katika dhiki, iliifungua tena njia ya kusini. Mwaka 1980 Zimbabwe ikapata uhuru. Na mwaka 1994 ubaguzi wa rangi ukaanguka Afrika Kusini. Kila tukio kati ya hayo lilikuwa ushindi wa ukombozi ambao reli ilijengwa kuutumikia, isipokuwa lile la mwaka 1978, na kila moja liliipunguzia reli sababu ya mizigo kupita juu yake.

Wapo waliolijibu swali jipya kabla ofisi hazijaliuliza. Wakulima na wachuuzi wa bonde la Kilombero na maeneo ya jirani, ambao katika mipango ya miaka ya 1960 walitajwa kwa nadra ikilinganishwa na shaba, waliigeuza treni ya abiria kuwa soko linalotembea, wakipakia mchele, ndizi na mahindi katika stesheni ndogo na kuyashusha mahali palipokuwa na bei nzuri zaidi. Wanufaika hao hawakuandikwa katika hoja ya awali, nao ndio walioendelea kuihitaji reli wakati shaba ilipokwisha kuhamia barabarani. Msimamizi anayefunga mradi kwa kulinganisha tu matokeo na andiko angewakosa kabisa, kwa kuwa andiko halikuwa na safu ya kuwaweka. Ndiyo maana tathmini, ambayo ni kupima thamani ya mradi baada ya kuwapo kwake kwa muda, hutofautishwa na ufuatiliaji. Ufuatiliaji huuliza kama ahadi imetimizwa, tathmini huuliza nini kimetokea, kiwe kiliahidiwa au la.

Kongwa nayo, ikitazamwa kwa jicho hilo la tathmini, haikuacha hasara tupu. Bandari ya Mtwara inatumika hadi leo, ardhi iliyofyekwa ikawa baadaye ranchi ya ng'ombe, na katika miaka ya 1960 majengo yaliyoachwa yalihifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mambo hayo hayaigeuzi hesabu ya mwaka 1951 kuwa faida, wala hayapaswi kutumiwa kama udhuru na anayetaka kurudia haraka ileile. Yanaonyesha tu kwamba tarehe ya kufunga ni mpaka wa madaraka na wa vitabu vya fedha, na kwamba ardhi, majengo na watu huendelea kupokea matokeo ya mradi wakiwa hawana msimamizi wa kumwendea.

Wahenga walisema mipango si matumizi, na mara nyingi msemo huo hutumiwa kuwasamehe wapangaji pale mambo yanapokwenda kinyume. Unaweza pia kusomwa kama onyo kwa watekelezaji, kwamba matumizi yana haki ya kuirekebisha mipango, mradi pawe na kikao kilichopangwa mapema ambacho kitakubali kusikia marekebisho hayo. Kikao cha namna hiyo hakigharimu fedha nyingi. Kinachokifanya kiwe adimu ni kwamba kinamtaka mwenye mradi akubali hadharani, kabla hajaweka jiwe la msingi, ni ushahidi gani ukipatikana utamfanya asimamishe kazi, na kabla hajakata utepe, ni nani atakayelipia matengenezo wakati wapiga picha watakapokuwa wameondoka.

Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na kwa hatua hiyo reli iliyokuwa mradi uliofungwa ikawa tena mradi unaoanzishwa. Shaba na kobalti za Zambia na Kongo zinatakiwa na viwanda vya dunia kuliko wakati wowote, lakini safari hii kuna mshindani, ushoroba wa Lobito unaozielekeza shehena hizo kwenye bahari ya Atlantiki kupitia Angola kwa kuungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya. Swali la mwaka 1965, la namna ya kumkwepa adui, limekwisha. La sasa ni kama mwenye mzigo, aliye huru kuchagua, atakuwa na sababu ya kuelekea mashariki. Uimara wa madaraja ya Mlimba hauwezi kulijibu. Litajibiwa na gharama ya kila tani, siku za safari na uhakika wa injini, na andiko litakaloyataja mambo hayo matatu kwa viwango, pamoja na kumtaja anayewajibika kwa kila kimoja miaka ishirini baada ya uzinduzi, litakuwa limeifanya kazi ya hatua ya mwisho ndani ya hatua ya kwanza.